Picha za safari za majengo ya kale: nazitumiaje kujengea levo ya gemu?

Kijana_wa_Butimba

Wakuu, habari za jioni.

Niko Mwanza. Tunatengeneza gemu watu watatu: mmoja anaandika programu, mmoja anashughulika na sauti, mimi nimepewa levo, yaani zile sehemu anazopita mchezaji, na mazingira yake. Hadithi inatokea kwenye mji wa kufikirika ulio kando ya ziwa kubwa, mji wa mawe, mpya umepandishwa juu ya wa zamani. Hatutaki zile ngome za Ulaya zenye minara iliyochongoka, zimejaa kila mahali. Tunataka mtu wa huku akilicheza ajione yuko kwao, hata kama mji wenyewe haupo kwenye ramani.

Nilipata nafasi ya kwenda Kilwa Kisiwani, na kabla ya hapo Mji Mkongwe, Zanzibar. Nimepiga picha hadi simu imejaa. Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa (lile jumba la sultani), Gereza (ile ngome ya Kilwa), milango ya Zanzibar yenye misumari ya shaba. Picha ni nzuri, hata ndugu zangu wamezisifia. Ila nikikaa kwenye kompyuta sijui nianzie wapi. Nikiifuata picha napata ukuta mzuri upande mmoja, nikigeuza kamera nyuma hakuna kitu, kwa sababu upande huo sikuupiga. Vyumba nikivijenga kama ninavyoviona pichani vinakuwa kumbi za harusi. Nikivipunguza, kamera inagonga ukuta na mhusika haonekani.

Kwa hiyo nauliza kwa mnaofanya kazi hizi: picha za safari mnazipigaje ili ziwafae? Na je, kuna haja ya kuzunguka huku kwetu Kanda ya Ziwa, makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, kisiwa cha Ukerewe na kwingineko, au nitosheke na za Pwani pamoja na za kwenye intaneti? Bajeti yetu ni ya nauli ya basi na feri. Ndege hapana.

---

Pasiansi_Boy

Mkuu weka picha kwanza tuone, maneno baadaye. Na gemu likitoka wa Mwanza tupewe bure.

---

MchoraRamani

Kaka wa Butimba, hongera kwa kazi.

Mimi mchana nachora ramani za nyumba za watu, usiku nachora levo za magemu ya wengine, nalipwa kwa kazi. Kwa hiyo nakujibu kwa kichwa cha ramani.

Picha ulizonazo ni za mtalii. Mtalii anasimama mbele ya jengo, anarudi nyuma mpaka lote liingie, anabonyeza, anaondoka. Anachobaki nacho ni sura ya jengo. Mchezaji wako hatakaa mbele ya jengo, atapita ndani yake. Wewe unahitaji njia: ameingilia wapi, kabla ya kuingia aliona nini, macho yake yalizibwa na nini, alipokata kona kikatokea nini. Basi piga ukiwa unatembea. Kila baada ya hatua chache simama, simu iwe usawa wa macho, piga mbele, kisha geuka upige ulikotoka. Hiyo ya ulikotoka ndiyo inayokusumbua sasa hivi.

Chukua nyumba za kale za Lamu. Mlango wa mbele hauonyeshi ndani hata ukiwa wazi. Unaingia kwenye daka, yaani baraza la mlangoni, unapita tekani, ukumbi mdogo wa ndani, unakata kona, ndipo unatokea kiwandani, yaani ule ua wa wazi katikati ya nyumba, na mwanga wote unakupiga usoni kwa mara moja. Waliojenga walikuwa wanalinda faragha ya wenye nyumba. Kwako wewe hiyo ni levo iliyokwisha kubuniwa: giza, kona, mwanga. Lakini picha ya mlango peke yake, hata uchongwe namna gani, haina habari hiyo hata kidogo.

Sasa vyumba vyako vya kumbi za harusi. Kwanza angalia kama ulipiga kwa ile lenzi pana ya simu. Lenzi hiyo inasukuma kuta mbali, chumba cha mita tatu kinaonekana cha mita sita. Piga kwa lenzi ya kawaida, na kila chumba kiwe na angalau picha moja yenye kipimo ndani yake: mtu aliyesimama ambaye unajua urefu wake, au futi kamba iliyonyooshwa chini ya ukuta. Mimi napendelea futi kamba. Mtu anaegemea, anapinda goti, anacheka, vipimo vinapotea.

Pili, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize, tafuta kwa nini chumba kina upana huo. Nyumba za mawe za Pwani zimeezekwa kwa boriti za mikoko. Boriti inayobeba dari nzito ya matumbawe na chokaa haiwezi kurefuka utakavyo, kwa hiyo vyumba vingi vimebaki na upana wa kama mita mbili na nusu hadi tatu. Ukitaka chumba kikubwa unaongeza urefu, upana unauacha. Ndiyo maana ukizunguka Mji Mkongwe unakutana na vyumba vyembamba virefu, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Fundi alikuwa anatii mti.

Ukishalijua hilo, huna tena shida ya picha ipi uifuate. Una kanuni. Tengeneza vipande vyako vya kuunganisha, yaani ukuta, mlango, dari na kona, vyote kwa upana mmoja wa boriti. Kisha jenga mtaa mzima, hata nyumba ambazo hujawahi kuziona, na zitakubalika machoni kwa sababu zimezaliwa na sheria ileile. Ukikosa kanuni utanakili nyumba moja moja hadi uzeeke.

Kuhusu kamera kugonga ukuta, hapo hakuna ujanja, lazima udanganye vipimo. Mlango wa kweli wa sentimita themanini mhusika anakwama nao. Sisi tunaupanua hadi mita moja na nusu hivi, na chumba chote kinakua pamoja nao. Usichokigusa ni uwiano. Chumba ambacho urefu wake ni mara tatu ya upana kikibaki hivyo, mchezaji atahisi wembamba hata kama umekikuza. Na ukiingia ndani isogeze kamera karibu na bega, usiiache ile ya nje.

Swali lako la Kanda ya Ziwa: ndiyo, zunguka, tena anza leo hapo hapo ulipo. Panda mlima wowote wenye nyumba, Igogo au Mabatini. Huku kwetu jiwe halikuondolewa, nyumba ndiyo iliyozunguka jiwe. Njia inapita kati ya majabali mawili, inakuwa ngazi, inakuwa uwanja wa jirani anayefua nguo, inakuwa ngazi tena. Katikati ya hayo ziwa linaonekana, linapotea, linaonekana tena likiwa upande mwingine. Mgeni anajua yuko wapi kwa sababu ya ziwa. Wabunifu wa levo wanahangaika kutafuta alama ya kumwongoza mchezaji bila kumwekea mshale, wewe unayo ukifungua dirisha. Nakushangaa umeenda hadi Kilwa kabla ya kupanda Mabatini, ila sikulaumu, nauli ya kwenda mbali huwa inapatikana kirahisi kuliko muda wa karibu.

Picha za kuvisha kuta za modeli nitakueleza siku nyingine, ila kwa kifupi: usipige saa sita. Jua kali linachapa kivuli kwenye jiwe, na kivuli hicho utakibeba hadi ndani ya gemu hata kama huko ni usiku. Ngoja wingu, simama usoni pa ukuta pasipo kuinamisha simu.

---

GemuKwanza

Dada MchoraRamani kaongea vizuri lakini mnampoteza kijana. Gemu siyo makumbusho. Anza na maboksi ya kijivu, yaani levo ya majaribio isiyo na mapambo, chezesha watu, ona kama wanafurahia kukimbia na kujificha, picha zije mwishoni kama mapambo. Nimeona timu zimekufa na folda la picha elfu bila levo hata moja inayochezeka.

Na ukweli wa historia wachezaji hawaujali. Assassin's Creed Unity ya mwaka 2014 iko Paris wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, karne ya 18 inaisha. Kanisa la Notre-Dame humo lina ule mnara mwembamba wa juu uliobuniwa na msanifu Viollet-le-Duc karne ya 19. Haukuwepo. Lakini watu wanaijua Notre-Dame kwa mnara ule, ukiuondoa wataona kanisa limekatwa kichwa. Waliuacha na hakuna aliyerudisha gemu dukani.

---

MchoraRamani

GemuKwanza, maboksi ya kijivu naanza nayo hata mimi. Swali langu ni boksi lako la kwanza unalipa upana gani, na kwa nini? Wengi wanaacha namba aliyoiweka mtengenezaji wa injini, ile programu ya kujengea gemu, ndiyo maana magemu yetu yote yana korido moja. Mimi nachukua namba kutoka kwenye boriti. Hapo picha imeingia kazini siku ya kwanza, haijangoja mapambo.

La mnara nakubaliana nawe. Ila angalia, mnara huo wameuweka wakijua. Kuna tofauti kati ya fundi anayevunja kanuni na anayeipita bila kuiona.

---

Mtu_wa_Sirari

Mimi siyo wa magemu, mwanangu ndiye anayecheza, ila nimevutiwa na mada.

Kijana, kama nauli yako inafika huku mpakani, vuka Isebania uende Migori ukaone Thimlich Ohinga. Ni maboma ya mawe makavu, hakuna udongo wala chokaa iliyoshikilia, jiwe limekaa juu ya jiwe kwa ufundi tu. Inaaminika yalijengwa karne ya 16. UNESCO waliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuna sehemu ukuta unapita mita nne kwenda juu.

Kitakachokufaa wewe ni lango. Ni dogo na la chini, juu limelazwa mawe marefu kama linta. Huwezi kuliingia wima. Unainama, kichwa kinatangulia, mikono iko chini, macho yanatazama ardhi. Sasa fikiria wewe ni mwizi wa ng'ombe na ndani kuna mtu amesimama na rungu. Nilipomsimulia mwanangu alisema hiyo kwenye gemu ni kitufe cha kuchutama, na kwamba muda ule unaochutama ndipo adui anakupiga. Sikumwelewa sana lakini nadhani amepata.

Ndani ya maboma yale makubwa kuna vizuizi vidogo vya mifugo na mashimo ya mahali nyumba zilipokuwa. Nyumba hazipo tena, zilikuwa za miti na udongo. Kwa hiyo unaona mifupa ya mji, nyama unajaza mwenyewe.

---

Kijana_wa_Butimba

Mzee wa Sirari, hiyo ya lango nimeinyakua. Tulikuwa tumeweka mlango unaofunguka kwa ufunguo, sasa tunaweka wa kuinamia.

Dada, nimerudia kuangalia picha zangu zote usiku wa jana. Husuni Kubwa nilipiga lile bwawa la pembe nane pande zote, na ngazi za kuteremkia baharini sikupiga hata moja!

---

Binti_wa_Bukoba

Nami niongeze la msonge, maana naona mmekwama kwenye mawe.

Msonge wa Kihaya nyasi zinateremka mpaka chini, hakuna ukuta unaouona kwa nje, hakuna dirisha, mlango mmoja tu. Ukiingia kutoka kwenye jua la mchana huoni kitu kabisa. Unasimama. Taratibu unaanza kuona nguzo, kisha moto, kisha watu waliokuwa wanakutazama muda wote tangu ulipoingia. Bibi yangu alikuwa anamtambua mgeni kabla mgeni hajamtambua yeye, na alikuwa anafurahia hilo. Injini za magemu siku hizi zina mpangilio wa jicho kuzoea giza. Watu wengi wanauzima kwa sababu unaudhi. Kwenye msonge usiuzime.

Na kama una hati ya kusafiria, kutoka Bukoba ukipitia Mutukula unafika Kampala, nenda makaburi ya Kasubi. Lile jumba kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga, lilijengwa mwaka 1882 likiwa ikulu ya Kabaka Mutesa I, likageuka kaburi lake mwaka 1884, na makabaka watatu waliofuata wamezikwa humo humo. Ukitazama dari kutokea ndani kuna pete 52, moja kwa kila ukoo wa Baganda. Nyuma kabisa kuna pazia la kitambaa cha magome ya mti, na nyuma ya pazia ni Kibira, msitu mtakatifu wa makabaka. Wewe mgeni hupiti. Hakuna kufuli wala askari, kuna pazia tu, na hupiti. Ningekuwa ninyi ningeiweka hiyo kwenye gemu na nisiruhusu mchezaji apite hadi mwisho, alalamike anavyotaka.

Jumba lile liliungua Machi 2010. Mwaka mmoja nyuma, 2009, shirika la CyArk lilikuwa limelipima kwa leza, kwa hiyo umbo lake kabla ya moto linajulikana kwa vipimo. Limejengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO wakalitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Nasema hivi kwa sababu mnasema picha picha, kumbe kuna siku picha yako ndiyo inabaki.

---

Nansio_Kwetu

Salaam kwenu nyote. Nimezeeka katika kazi ya kuwazungusha wageni, Ukerewe na upande wa Mwanza, nina neno moja la adabu na moja la msaada.

La adabu. Bujora kuna vitu vya watemi na vitu vya waganga. Siyo kila kitu ni cha kupigwa picha pande zote halafu kesho kiko kwenye gemu mtu anakipiga risasi. Ngoma ya mtemi ilikuwa na mlinzi wake, na kupigwa kwake kulikuwa na maana. Ukifika mwone kwanza anayekuzungusha, mweleze unatengeneza nini, mwulize kipi kinafaa na kipi kiachwe, lipa kiingilio na cha picha kama kipo. Vijana wengi wanaogopa kuuliza wakidhani watakataziwa. Mimi ninavyojua ukiuliza unaonyeshwa zaidi ya uliyoyaomba.

La msaada. Pale Bujora kuna banda la ngoma za watemi ambalo lenyewe limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Siyo kwamba kuna kiti ndani. Jengo zima ni kiti. Na kanisa ni la duara, kwa namna ya nyumba za Wasukuma. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alitaka Msukuma akiingia asijione mgeni. Wewe umesema unataka mchezaji ajione yuko kwao. Basi mwenzako alishafanya kazi hiyo kwa matofali, kaangalie alifanyaje.

Ukitoka hapo panda feri uje Ukerewe uone jumba la ghorofa la watemi kule Bukindo. Na ukiweza fika Ukara, mawe ya kule ukiyaona utaacha kubuni ya kwako.

---

Kijana_wa_Butimba

Shikamoo mzee wa Nansio, na asante. Hilo la jengo zima kuwa kiti limenimaliza, nimewatumia wenzangu na wa sauti tayari anauliza kama anaweza kurekodi ngoma. Nitauliza kwanza, usiwe na wasiwasi.

Jumamosi hii tunaanza na Bujora. Napanda daladala za Kisesa, sivyo? Na je, mawe makubwa kama yale ya Mabatini naweza kuyapiga kwa fotogrametria, yaani picha nyingi zinazogeuzwa na programu kuwa modeli ya 3D, kwa simu ya kawaida, au ni lazima kamera?

---

MchoraRamani

Simu inatosha. Jiwe ndilo kitu rahisi kuliko vyote, lina madoa na nyufa, programu inapata pa kushika. Zunguka polepole, kila picha irudie zaidi ya nusu ya ile iliyopita, kisha zunguka tena simu ikiwa juu zaidi. Funga kipimo cha mwanga cha kamera kisijibadilishe chenyewe katikati. Usihangaike na ziwa, mabati mapya wala vioo, vinang'aa na kila picha inasema kitu tofauti. Hivyo utavijenga kwa mkono.

Daladala ndiyo hizo. Shuka Kisesa, kisha bodaboda, au tembea kama hamna mzigo. Nendeni asubuhi, kanisa mlipige kabla hakujaja watu, na mbebe penseli na karatasi. Mchoro wa mkono wenye vipimo vitano unashinda picha hamsini zisizo na hata kimoja.

---

Kijana_wa_Butimba

Tumekubaliana asubuhi. Kuna mwenye futi kamba ya mita 30 ya kuazima, Butimba, Nyegezi au karibu? Ya kwetu ni ya mita tano.

---

Pasiansi_Boy

Mzee wangu ni fundi, ninayo. Ila iko Pasiansi uifuate mwenyewe, na uache kitambulisho. Na picha bado hujaweka.